Makopo Matatu ya Panzi wa Ukerewe

Sikwenda Ukerewe kutembea. Nilikwenda kwa sababu dada yangu Adventina alinipigia simu Jumapili moja ya mwezi wa tano, masika yakiwa yanaaga, akaniambia kwa ile sauti ndogo ambayo kwetu tunaijua kuwa ni ya mtu anayezuia kilio.

"Kaka, miche yetu inaliwa. Na mimi ndiye niliyewaingiza wenzangu kwenye jambo hili."

Sisi ni Wahaya, lakini Adventina ameolewa na Mkerewe na huko ndiko kwake sasa. Miaka miwili kabla ya simu hiyo aliwashawishi akina mama wa kijiji cha mumewe waanzishe kitalu cha michungwa. Kiangazi chote walichota maji ziwani kwa ndoo, wakanyweshea mche mmoja mmoja. Sasa miche ilikuwa imefika magotini, ikingoja vuli ihamishiwe shambani, na kila asubuhi walikuta majani yamekatwa. Kikundi kilikuwa kimeamua kupuliza dawa Ijumaa. Adventina aliiogopa dawa hiyo, kwa sababu kitalu kipo hatua chache tu kutoka mahali wanapoteka maji ya kunywa, na jirani aliyepuliza shamba lake mwaka uliopita aliua nyuki wote wa mizinga ya karibu. Wenzake wakamjibu kwamba kama ana njia nyingine ailete kabla ya Ijumaa. Ikiwa hana, dawa itapulizwa, na miche ikifa hata baada ya dawa, kitalu kitavunjwa na kila mtu atarudi kwenye mihogo yake.

"Wataniita mtu wa kuja mpaka nizeeke," alisema.

Msomaji atauliza kwa nini alimpigia fundi cherehani. Nina kibanda Mabatini, Mwanza, nashona suruali na sare za shule, na sijawahi kukanyaga chuo cha kilimo. Lakini Jumapili baada ya misa hupanda vilima vya mawe kule Ilemela na daftari langu la vipimo. Mbele ya daftari kuna viuno na mabega ya wateja. Nyuma kuna panzi na vipepeo. Nawachora, nawapima mbawa kwa futi ileile ya wateja, naandika wamekula nini na saa ngapi. Jirani yangu wa kibandani, Mzee Salumu, ambaye anashona kanzu na kofia, ananitania kwamba Mhaya akimfuata panzi mpaka kilimani basi nyumbani kwake hamna mboga. Nimekwisha kumzoea.

Jumanne, saa tatu asubuhi, meli iliondoka Mwanza. Niliketi juu, upande usio na jua, na begi lenye nguo mbili, daftari, na makopo matatu matupu ya maziwa ya unga niliyoyaomba kwa mama ntilie. Mawe ya Mwanza yalibaki nyuma yetu yamepandana kama kawaida yake, nyumba zimejibanza katikati. Mbele yangu aliketi mwanamke mmoja aliyekuwa anarudi Nansio na magunia ya vitunguu. Aliniuliza nakwenda kwa nani, nikamwambia kwa dada yangu, kuangalia wadudu. Akanitazama kwa huruma, akanigawia karanga.

Karibu nusu ya safari kipepeo mmoja mweupe aliruka juu ya maji, peke yake, akaenda sambamba na meli kwa muda mrefu. Niliandika saa na upande aliokuwa anaelekea. Kwa kweli nilikuwa na furaha kubwa mno kwa mtu anayekwenda kwenye shida ya dada yake. Ukerewe ni kisiwa cha machungwa, na penye michungwa kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye mayai yake huyataga kwenye majani ya mti huo. Ilemela nimemwona mara nyingi akipita, lakini kiwavi wake nilikuwa sijapata kumwona kwa macho yangu. Kabla meli haijafika nilikwisha kuamua kwamba yeye ndiye anayekula miche ya Adventina. Nilikuwa nimekata suti kabla ya kumpima mtu.

Saa saba kasoro tulishuka Nansio. Bodaboda alinichukua kwa barabara ya vumbi jekundu, mihogo kulia na kushoto, mpaka kijijini. Adventina alinipokea begi barabarani. Amekonda. Nyumbani tulimkuta mama mkwe wake, Bibi Veronika, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, akianika dagaa kwenye wavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mumewe huyu yuko Geita kwenye ujenzi, kwa hiyo leo wewe ndiye mwanamume wa nyumba. Unakula muhogo?"

"Nakula, mama."

"Vizuri. Maana Wahaya nyie mtu akiwanyima ndizi mnanuna."

Bibi Veronika anawajua Wahaya kupitia kwa mkwewe. Adventina aliniambia kwamba alipoolewa, kitu cha kwanza alichomfundisha bibi huyu ni kunyonyoa senene, panzi wetu wa kuliwa: kutoa mbawa, kutoa miguu, kuosha, kukaanga bila mafuta mengi. Kwetu mwanamke anayekupenda anakunyonyolea senene na kukuwekea mbele yako, na wewe unaelewa bila kuambiwa. Bibi Veronika aliupenda utaratibu huo, na tangu hapo kila msimu hukaa chini na mkwewe wakanyonyoa pamoja. Yakumbukeni haya, maana ndiyo yaliyokuja kuniumbua.

Jioni ileile, jua likiwa bado lipo, nilipelekwa kitaluni. Kimezungushiwa uzio wa minyaa, upande mmoja kimepakana na mihogo na upande mwingine nyasi ndefu zinashuka hadi majini. Niliinama kwenye mche wa kwanza na nikamwona: kiwavi mdogo wa kahawia na doa jeupe, kama kinyesi cha ndege kilichodondokea jani. Kwenye mche wa tatu alikuwepo mkubwa wa kijani, mnene kama kidole changu cha mwisho. Nilipomgusa kwa kijiti alitoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa chake, zikanuka, kisha akazirudisha ndani. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Tausi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ni huyu?" aliuliza.

"Ni huyu," nikasema, kwa sauti ya daktari.

Jumatano, tangu asubuhi, tuliokota viwavi. Akina mama walikuja wote, wakapita mstari kwa mstari, na mimi nikapita nyuma yao nikiwaonyesha viwavi walioachwa. Walicheka, wakaimba kidogo, wakaniita mwalimu. Hadi adhuhuri hapakuwa na kiwavi hata mmoja juu ya miche. Wale tuliowaokota niliwahamishia kwenye mchungwa mzee ulioko nyuma ya nyumba, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuwaua, na Mama Tausi aliniona. Adventina alikula vizuri siku hiyo, nami nikalala nikiwa nimeridhika.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, Adventina aliniamsha kwa kugonga dirisha. Nilimfuata. Miche ya mistari miwili ya upande wa mihogo ilikuwa imekatwa vibaya kuliko siku zote, na mingine imebaki vijiti. Mama Tausi alikuwa amefika kabla yetu.

"Mwalimu," alisema, "kesho ni Ijumaa."

Hapo ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya Jumanne. Nilipiga magoti nikautazama mkato. Fundi hujulikana kwa mkato wake, hilo nalijua tangu nikiwa mwanafunzi wa kukunja pindo, na bado sikuwa nimeangalia. Kiwavi wa michungwa hula jani laini na mara nyingi huacha ule mshipa wa katikati. Aliyekula hapa alikuwa amekula jani, mshipa, ncha ya tawi, na sehemu nyingine amekwangua hata ganda la shina. Viwavi walikula, ndiyo, lakini kidogo. Nilikuwa nimewapotezea akina mama siku nzima kwa sababu nilimpenda mdudu niliyekuja kumtafuta. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipomshonea bwana harusi suruali yenye mguu mmoja mrefu.

Nikawaambia ukweli, kwamba nimekosea na kwamba mlaji ni panzi. Lakini panzi ni wengi na mimi sijui ni yupi wala anatoka wapi. Nikatoa makopo yangu matatu, nikayaandika namba kwa chaki ya kitambaa. Kopo la kwanza panzi wa kwenye miche. La pili panzi wa kwenye mihogo. La tatu panzi wa kwenye nyasi za ziwani. Nikawaomba waniokotee kila wanayemwona, wasichague, wayalete makopo nyumbani kwa Bibi Veronika. Jioni ningewapanga, ningewachora, ningejua nani anatoka wapi kuja kula nini. Mama Tausi alikubali kwa kuinua mabega.

Saa nne niliteremka ziwani kuangalia nyasi zile kwa upande wangu. Kwenye mchanga wenye unyevu, mahali ng'ombe wanaponywea, vipepeo wa manjano na weupe walikuwa wametua kwa mamia, mbawa zimefungwa, wote wanafyonza tope. Nilipita wakanyanyuka, nikasimama wakarudi. Kwenye nyasi nilikuta panzi wa kijani wenye nyuso zilizochongoka, na wadogo wa kahawia ambao wakiruka huonyesha mbawa nyekundu kisha wakitua huwaoni tena. Nilijaza kurasa tatu. Nilikuwa nimechangamka tena. Niliamini kwamba makopo yakijaa nitakuwa na la kumwambia Mama Tausi.

Saa tisa nilirudi nyumbani na njaa. Bibi Veronika alikuwa jikoni, uso wake umejaa tabasamu. Aliniwekea kigoda, akanipa maji ya kunawa, kisha akaniletea sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nikafunua. Panzi, wamekaangwa vizuri, wana chumvi, hawana mbawa wala mguu hata mmoja. Pembeni ya jiko makopo yangu matatu yalikuwa yameoshwa na kuinamishwa yakauke.

"Nilisikia umeagiza," alisema. "Nikajua mtoto wa watu amekumbuka kwao. Nimekunyonyolea mwenyewe, Adventina hajui."

Sijivunii nilichofanya. Nilisimama, nikasema kwa sauti kubwa kwamba ile haikuwa mboga, ilikuwa kazi, na kwamba sasa sina rangi ya mbawa, sina miguu, sina namba, na kesho dawa itapulizwa kwa sababu ya sahani. Nilimwambia hivyo mama mzima, mkwe wa dada yangu, jikoni kwake. Adventina alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani. Alinitazama mara moja tu. Bibi Veronika aliichukua sahani, akaifunika tena, akaiweka juu ya rafu.

Nilitoka nikaenda kukaa kitaluni peke yangu. Nilikaa mpaka hasira ikaisha na kilichobaki ni uso wa yule bibi alipokuwa anaifunika sahani. Ametumia saa nzima, na macho yake ya uzee, kumnyonyolea mgeni. Kwetu mtu akifanyiwa hivyo na mama mkwe wa dada yake anajua ameheshimiwa kiasi gani. Mimi niliyejifanya mtu wa kuangalia nilishindwa kuona hata hilo. Nikarudi.

"Mama, nisamehe. Nimekukosea adabu nyumbani kwako."

Alishusha sahani kutoka kwenye rafu.

"Kaa. Kwanza kula. Mwenye njaa hana masikio."

Nikala. Walikuwa watamu, siwezi kusema uongo. Nilipofika katikati nikaona ni wachache mno kwa makopo matatu.

"Wengine wako wapi, mama?"

"Hao ni wa kopo la tatu tu. Wale wa kopo la kwanza na la pili niliwatupa. Wanatoa maji yananuka, ona vidole vyangu mpaka sasa. Niliwamwagia kuku, kuku wenyewe wakapita mbali."

Niliacha kutafuna. "Makopo yote mawili? Walikuwa wa namna moja?"

"Namna moja. Wazito, wavivu, kijani na manjano na weusi, wengine mbawa fupi. Wa kwenye miche na wa kwenye mihogo ni haohao. Sasa mimi ningejuaje kama unataka wanaonuka?" Alikaa vizuri. "Na majike yana mayai. Ukibonyeza tumbo yanatoka, ya manjano, kama punje za mchele. Wako karibu kutaga hao."

"Wanatagia wapi, mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mlango wa nyumba yake uko upande gani. "Si pale chini ya minyaa, kwenye kivuli. Napita kila siku nikienda kuteka maji. Wanajazana pale wameingiza mikia ardhini. Nilidhani mnawaona."

Hakuna aliyekuwa amewaona. Sisi sote tulikuwa tunatazama majani.

Nilitoa daftari, nikaandika yote aliyosema, naye akanisahihisha rangi. Kisha tukaenda, yeye mbele na jembe, Adventina na mimi nyuma. Jua lilikuwa bado juu kidogo ya ziwa. Bibi Veronika alichagua sehemu chini ya minyaa ambapo udongo ulikuwa umetobokatoboka, akapiga jembe mara mbili, akapindua. Ndani mlikuwa na vifuko vidogo, kimoja kando ya kingine, kama povu lililokauka na udongo. Adventina alipasua kimoja kwa ukucha. Punje za mchele za manjano, zimepangwa vizuri kabisa. Akaanza kulia, halafu akacheka, halafu akakimbia kumwita Mama Tausi.

Ijumaa, alfajiri, hapakupulizwa dawa. Bibi Veronika alikuwa ametuambia kwamba panzi hawa asubuhi wakiwa na baridi hawana nguvu, hupanda juu kabisa ya mimea kungoja jua. Kweli tuliwakuta wamekaa kwenye ncha za mihogo na za miche, wazito, tukawakung'utia ndani ya ndoo za maji ya sabuni. Jua lilipopanda akina mama wakahamia na majembe chini ya uzio, wakafukua, wakatandaza vifuko juani vikauke. Mama Tausi alilima zaidi ya wote na hakusema lolote mpaka mchana. Kisha aliegemea mpini, akamwambia Adventina, "Bomba la dawa nitalirudisha kwa mwenyewe. Tukihitaji tutaliomba tena." Kwa Mama Tausi hayo yalikuwa maneno mengi.

Miche ya mistari miwili ilikuwa imekwisha kuharibika, na hilo hatukuweza kulibadilisha. Iliyobaki ilisimama.

Jumamosi nilipanda meli kurudi. Bibi Veronika alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Makopo nilimwachia, kwa sababu aliyaomba. Njiani ziwa lilikuwa limetulia, nami nilisoma kurasa zangu za juma lile. Nilipoyatazama maandishi niliona kwamba yote niliyoyaona mwenyewe yalikuwa mazuri na hayakuokoa mche hata mmoja. Mistari michache iliyookoa kitalu niliambiwa jikoni na mtu niliyekuwa nimemfokea. Nimewapima watu miaka mingi na kauli yangu kwa wanafunzi wangu wa ushonaji ni moja: pima kwanza, kata baadaye. Nilidhani ni kauli ya vitambaa.

Mzee Salumu aliniuliza kama nimemletea kitoweo. Nilimsimulia kila kitu. Alicheka mpaka akasimamisha cherehani, halafu akasema, "Sasa huyo bibi ndiye fundi."

Vuli ilipoanza Adventina alipiga simu. Panzi wachanga walitoka kundi moja tu, kwenye kona ya uzio ambako majembe hayakufika, wakakung'utwa siku ileile. Miche ilikuwa imeingia shambani. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake wanaimba. Wamemfanya mtunza kitalu wa mwaka unaofuata, na wamekwisha kupanda mbegu nyingine.

Juma lililofuata mtu wa meli aliniletea kibandani kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa matundu madogo. Ubavuni chaki yangu ilikuwa imeoshwa, lakini mtu alikuwa ameandika upya kwa makaa: 1. Ndani mlikuwa na kijiti cha mchungwa, na juu ya kijiti kiwavi aliyekwisha kugeuka pupa, amekauka kama jani, amejifunga kiunoni kwa uzi mmoja mwembamba ambao mimi na mashine yangu hatuuwezi. Chini yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa yenye mwandiko wa Adventina.

"Mama anasema: huyu sijamnyonyoa."

Nilikisimamisha kijiti kwenye kopo, kando ya cherehani. Jumanne asubuhi, mteja mmoja akiwa anajaribu koti, ganda lilipasuka. Kipepeo alitoka na mbawa zilizokunjamana kama nguo iliyotoka kwenye beseni, akaning'inia, akazikunjua taratibu, nyeusi na manjano. Mteja alibaki na mkono mmoja ndani ya koti. Mzee Salumu alikuja akasimama mlangoni, na safari hii hakunitania. Kipepeo alikaa mpaka jua likafika kizingitini, kisha akatoka juu ya mabati, upande wa ziwani.

Nilifungua daftari nyuma. Nikaandika tarehe, saa na mahali. Pale ninapoandika jina la aliyeona, ambapo kwa miaka yote limekuwepo jina moja tu, langu, niliandika Bibi Veronika.